Niliungama kwa Balozi

Siku ya pili ya msiba wa mama, akina mama wa kanisani walifungua mfuko wa unga wa ngano pale uani ili wakande maandazi ya waombolezaji. Nilikuwa nimekaa mkekani, macho makavu, nikiitikia pole za watu bila kuzisikia. Mfuko ulipochanwa, vumbi jeupe liliruka na harufu yake ikanifikia, ile harufu kavu ya unga ambao haujaguswa na maji. Nikanyanyuka, nikaenda kutapika nyuma ya choo. Watu wakasema ni uchungu wa mama. Walisema kweli, ila uchungu wenyewe ulikuwa mkongwe kuliko walivyodhani.

Ninyi wa rika langu mnaukumbuka wakati ule. Sukari ilikuwa hadithi, nguo tulifulia majani ya mpapai, na unga ukipatikana ulikuwa ule wa njano uliotukwama kooni. Mbele ya duka la ushirika, hapo Kariakoo, foleni haikuwa ya watu bali ya mawe. Ulikwenda alfajiri, ukaweka jiwe lako, ukarudi nyumbani kuendelea na shughuli, na jiwe likakushikia zamu. Mama alikuwa na jiwe lake lenye mstari mweupe ubavuni. Mara nyingi alilikuta limepigwa teke hadi mtaroni, na aliyelipiga amesimama pale pale anatazama mawingu. Mama aliliokota, akalipangusa kwa kanga, akaenda kuliweka mwisho kabisa wa foleni. Nikimuuliza kwa nini hagombi, alinijibu, "Tusa, utakatifu hauko kanisani tu. Uko hata hapa kwenye foleni." Mimi niliona kwamba popote ulipo, uko mbali sana na sukari.

Tulikaa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, mtaa wa Sikukuu. Baba alikuwa fundi wa reli, karibu mwezi mzima yuko njiani, kwa hiyo chumba kilikuwa chetu wawili, mimi na mama. Wazazi wangu walitoka Tukuyu, na jina langu zima, Tusajigwe, pale mjini lilimkaa mdomoni mama peke yake. Chumba cha mkabala alikaa Mama Mwanaidi, Mzaramo mwenye asili ya pale pale, mkaanga samaki aliyewahi soko la Feri kila asubuhi na kurudi na tenga lililonukia ukumbi mzima. Alimpenda mama, na vilevile alimshangaa.

Alikuwa na haki ya kumshangaa. Mama alikuwa ameokoka, tena si kwa mdomo tu. Akimfikiria mtu vibaya, alimwendea akamwomba msamaha. Siku moja alibisha hodi kwa Mama Mwanaidi, mimi nikiwa nimeshika kanga yake, akasema, "Dada, nisamehe. Jana nilikuwazia vibaya kwa habari ya ndoo yangu."

Mama Mwanaidi aliacha kuparua samaki. "Umenisema kwa mtu?"

"Hapana. Moyoni tu."

"Basi mwenzangu si ungeliacha huko huko moyoni! Sasa mie leo nitalala vipi?"

Walicheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Sijawahi kuwasikia wanawake wakicheka hivyo tangu nyumba ile ibomolewe.

Kila Jumamosi jioni, kabla chemli haijawashwa, mama aliketi kwenye kigoda chake na mimi nikakaa mkekani mbele yake. Saa hiyo aliiita kuweka nuruni. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema makosa yake ya wiki nzima mbele yangu mimi, mtoto wa miaka minane, kisha akangoja yangu. Kwa jambo nililolisema mwenyewe hakunichapa hata mara moja. Alinichapa kwa lile nililolificha. Hivyo nilikua nikijua kwamba kilichosemwa hakidhuru, na kwamba kinachoua ni kile kilichofichwa.

Mwinjilisti wetu, mtu mrefu mwenye sauti ya kutetemesha madirisha, ndiye aliyeongeza kuni. Jumatano moja alasiri, maombi yakiwa chumbani kwetu, alisimulia habari ya mume na mke wa zamani zile waliouza shamba, wakaficha sehemu ya mali, wakawadanganya mitume. Mume alianguka akafa hapo hapo. Vijana wakaingia, wakambeba. Mke naye akaja, akadanganya vilevile, na miguu ya wale vijana ikasikika mlangoni. "Mlangoni!" alinguruma, na sote tukageuka kutazama mlango wetu wenye pazia la kanga kuukuu. Jumatano iliyofuata alifundisha kwamba Kristo hakutuacha bila wajumbe. Amewaweka mabalozi wake, alisema, kila mtaa na kila nyumba, na anayetaka kupatana na Mungu akimsikia balozi amemsikia aliyemtuma.

Sasa mimi balozi nilimjua mmoja tu. Mtoto gani wa Kariakoo hakumjua balozi wake wa nyumba kumi? Wetu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na bendera ya kijani ilikuwa mbele ya baraza yake. Bila yeye hukupata kadi ya duka, mgeni wako hakulala kwa amani, na ugomvi wako na mkeo haukuisha. Alivaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, na ndevu zake zilikuwa nyeupe pia. Mitume kwenye picha ya ukutani kwetu walivaa kanzu zile zile. Kwamba alikuwa Mwislamu asiyekosa swala hata moja, na kwamba aliyemtuma ni Chama, hayo hayakunipitia kichwani. Mwinjilisti alisema kila mtaa na kila nyumba, na mtu wa namna hiyo pale kwetu alikuwa yeye.

Gunia liliingia mchana mmoja wa jua kali, saa ambayo nyumba nzima ilikuwa imelala. Mwinjilisti alilileta kwa mkokoteni, limefunikwa kwa viroba vya mkaa, na halikupita mbele. Lilipita uani, mlango wa nyuma, na ninyi mnajua wenyewe maneno "mlango wa nyuma" yalikuwa na maana gani siku zile. Ulikuwa unga wa ngano, mweupe, na gunia lina maandishi ya kigeni. Mama ndiye aliyeoka mkate wa Meza ya Bwana, kwa sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko, na kwa miezi kadhaa mkate ulikuwa haujaokwa kwa kukosa unga. Gunia lile lilikuwa la makanisa matatu. Hayo sikuambiwa. Nilichoona mimi ni watu wazima wawili waliookoka wakilisukuma uvunguni huku wakinong'ona, na mama akishusha shuka mpaka likagusa sakafu. Kisha akaniona.

"Tusa, hiki hakisemwi," alisema. "Hata kwa mtu mmoja."

Ulikuwa wakati wa msako. Redio ilitaja walanguzi kutwa, na vijana wa mgambo walipita mitaani na virungu vyao, wakaingia nyumba hii na kuiruka ile. Aliyekutwa na vitu alivyovificha alipakiwa garini, na hakurudi upesi. Sisi watoto tulicheza msako uani, na kila mtu alitaka kuwa mgambo.

Kesho yake Mama Mwanaidi alipiga hodi. Mjukuu wake alikuwa anaharisha siku ya tatu, yuko mgongoni amelegea. "Mama Tusa, huna hata vijiko viwili vya unga wa ngano, nimkorogee mtoto uji? Nimezunguka Kariakoo nzima, wallahi hakuna."

Mama alikuwa ameketi kitandani, juu kabisa ya gunia lile. "Sina, dada," alisema.

Nikamtazama. Hakupepesa macho. Leo ninafahamu alivyofikiri. Unga haukuwa wake, ulikuwa wa Meza ya Bwana, na kwa mtu aliyepima maneno kama yeye, neno "sina" lilikuwa kweli. Mtoto wa miaka minane hapimi hivyo. Mimi nilimsikia mama yangu akidanganya, na nikageukia mlango nikisikiliza kama kuna miguu.

Haikuja siku ile. Asubuhi iliyofuata mama aliinama kupuliza jiko, akashika ukuta, akakaa chini ghafla. Alitapika. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ya tatu yake tena. "Si kitu," aliniambia. "Kizunguzungu tu." Nilijua ni kitu. Niliamua kwamba yule mume wa kwenye habari alianguka papo hapo kwa sababu alikuwa mtu mbaya, na kwamba mama anaangushwa polepole kwa kuwa ni mtu mwema. Nikaanza kumfuata kila mahali. Akienda bombani nilisimama nyuma yake na mikono mbele, tayari kumdaka. Akijilaza mchana nilitazama kifua chake kama kinapanda na kushuka. Niliogopa mno, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa maana mtu niliyezoea kumwambia ndiye aliyekuwa anakufa.

Jumamosi akaketi kwenye kigoda. Nilisema moyoni sasa atauweka ule uongo nuruni, na yataisha. Alisema alimkaripia mwanamke mmoja kwenye foleni. Alisema Alhamisi alilala bila kuomba. Kisha akaniambia, "Haya, zamu yako." Unga hakuutaja.

"Sina, mama," nikasema, kwa neno lile lile alilomwambia Mama Mwanaidi.

Jumatatu nilipotoka shule sikupitia nyumbani. Nilinawa uso na miguu kwenye bomba la jirani, nikaenda kwa Balozi. Alikuwa barazani anakunywa kahawa na mgeni, bwana mmoja mwenye suti ya mikono mifupi na faili mapajani.

"Shikamoo Balozi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Balozi, nimekuja kuungama."

"Kufanya nini?"

"Kuungama. Kwa ajili ya mama."

Balozi alicheka, akamtazama mgeni wake. "Watoto hawa! Nenda kacheze, bibie. Njoo kesho tutazungumza."

Kesho mama angeweza kuwa amekwisha kufa. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyosimama kutoa ushuhuda, na ushuhuda hautolewi kwa kunong'ona. Nikasema kwa sauti kwamba mama yangu ana gunia la unga wa ngano uvunguni, kwamba lilipita mlango wa nyuma, kwamba alimwambia Mama Mwanaidi hana, na kwamba naomba asamehewe asife.

Kikombe cha mgeni kiliishia njiani. Balozi alinyoosha mkono kama anayetaka kuniziba mdomo, lakini mkono ukarudi gotini. Akafumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, na mimi nikadhani ananiombea.

"Umefanya vizuri, mtoto," alisema yule mgeni. "Vizuri sana. Nyumba gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Jioni ile mama alikula ugali akamaliza, na asubuhi hakutapika. Niliyaona maombi yakijibiwa kwa macho yangu mwenyewe, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena ukubwani. Naitaja hapa kwa sababu ni haki kuitaja.

Alasiri ile mama alikuwa akishona kifungo cha sare yangu. Nikasikia miguu ukumbini. Niliitambua kabla sijawaona wenyewe, miguu ya vijana, mizito, mlangoni. Pazia likavutwa. Walikuwa mgambo watatu, na mwenye faili, na nyuma yao Balozi, kichwa wazi bila kofia yake. Hawakuuliza kitu. Mmoja aliinua shuka, wawili wakalivuta gunia mpaka katikati ya chumba. Lilichanika kwenye msumari wa kitanda, na ile harufu ikajaa chumbani.

Balozi alikohoa. "Nyumba hii ina wapangaji wengi," alisema, akitazama chini. "Yawezekana mzigo ni wa mtu mwingine, kamwekea tu mwenziwe. Au vipi, Mama Mwanaidi?"

Mama Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni kwake, kisu cha samaki mkononi, mjukuu mgongoni. Alilitazama gunia. Alimtazama mama. Niliona alivyoelewa kwamba alinyimwa vijiko viwili na mtu aliyekalia gunia zima. Kisha akasema, "Wangu huo. Nilimwekea mie."

Mama aliinuka, sindano bado iko vidoleni. "Hapana, dada. Usijitwishe." Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya ndoo. "Nilikuambia sina, na nilikuwa nimeukalia. Nisamehe."

Nilingoja Mama Mwanaidi amrudishie utani wake. Alijifunika uso kwa upande wa kanga.

"Nani kauleta?" aliuliza mwenye faili.

"Nimeupokea mimi."

"Nimeuliza nani kauleta."

"Hilo sisemi."

Aliyeuleta alikaa mtaa wa pili tu, na habari ilimfika kama ilivyoufikia mtaa mzima. Hakuja. Jumapili yake alihubiri juu ya uvumilivu, na watu wakaitikia amina.

Wakamwambia mama atangulie. Alifika kwenye kizingiti, kizunguzungu kikamshika. Vijana wawili wakamdaka, mmoja mabegani, mmoja miguuni, wakambeba hivyo hivyo kupitia ukumbini hadi kwenye gari. Nilikimbia nyuma yao nikipiga kelele, "Nimeshaungama! Nimeshaungama kwa Balozi!" Nilizipiga kelele hizo mpaka gari likakata kona. Watu wakasema mtoto amechanganyikiwa, na Mama Mwanaidi akanibeba kunirudisha ndani, mikono yake ikinuka samaki.

Baba alirudi kutoka njiani, akaanza kuzunguka ofisi hii na ile. Balozi alizunguka naye. Mzee yule hakuweza tena kunitazama usoni, na mimi niliyemwona mtume nikaanza kuvuka barabara kila nikiiona kanzu yake. Wakati huo nilikuwa nimeshajua balozi ni nani, na anatumwa na nani. Niliambiwa na mtoto mwenzangu, huku ananicheka.

Mama alirudi masika yakiwa yamekwisha. Alikuwa amekonda, na alitembea akishika kuta. Mama Mwanaidi alimkanda kwa maji ya moto mlango umefungwa, akatoka na beseni, akamwambia mwanamke mmoja uani kwa sauti ya chini, "Mtoto hakukaa." Nilimsikia. Nilijua ananisema mimi, kwa kuwa kweli sikukaa nyumbani nikatulia, nilikwenda barazani kwa watu nikamwaga mtama. Nikakaa mkekani siku nzima bila kujitingisha, hata haja nilijizuia, ili aone kwamba sasa ninakaa. Miaka mingi baadaye, nikiwa mke wa mtu, niliinama kupuliza jiko langu, ukuta ukazunguka, nikaketi chini ghafla. Hapo ndipo nilipoelewa kizunguzungu cha mama kilikuwa cha nini, na mtoto gani hakukaa. Mume wangu alinikuta nikilia, akadhani naogopa kuzaa.

Lakini nirudi kwenye Jumamosi ile ya kwanza baada ya mama kurudi. Mama aliketi kwenye kigoda chake, kama zamani. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Sikumngoja aanze.

"Mama, ni mimi nili..."

"Tusa," akanikata. "Chukua ndoo ukachote maji."

"Mama, yule Balozi..."

"Ndoo, mwanangu."

Ndoo ilikuwa imejaa. Niliimwaga karoni, nikaenda bombani, nikaijaza upya. Niliporudi alikuwa amewasha chemli, na kigoda amekisukuma uvunguni, pale pale palipokuwa gunia. Hatukuweka nuruni tena, wala Jumamosi ile, wala nyingine yoyote. Mengine yote aliendelea nayo. Jiwe lake likipigwa teke alilirudisha mwisho wa foleni, watu aliwaomba msamaha kwa mawazo tu, na unga ulipopatikana tena dukani alioka mkate wa Meza ya Bwana. Aliacha jambo hilo moja. Kila nilipolisogelea, aliona kitu cha kunituma.

Sitaficha kwamba nilimchukia kwa hilo. Nilidhani ananiadhibu. Alikuwa akinichapa kwa nilichoficha, na sasa akanilazimisha kukificha, na kilikaa ndani yangu shule nzima, ndoa nzima, na mazishi ya Mama Mwanaidi, ambaye naye sikumwambia. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nikisikia miguu mlangoni naacha ninachofanya nikageuka.

Mwezi uliopita nilikaa naye hospitali. Ilikuwa jioni, na ilikuwa Jumamosi, ingawa sidhani kama alizijua siku tena. Wodi ilikuwa kimya. Alikuwa amefumba macho, mkono wake mwepesi ndani ya wangu, na niliona kwamba nafasi nyingine haipo.

"Mama," nikasema. "Ule unga. Yule mtoto..."

Vidole vyake vikanibana. "Tusa," alisema bila kufumbua macho. "Kachote maji."

Jagi lilikuwa mezani, nimetoka kulijaza muda si mrefu. Hasira ya mtoto wa miaka minane ikanirudia. "Mama, jagi limejaa," nikamwambia.

"Najua," alisema. "Hata ile ndoo ilikuwa imejaa."